Majina ya Sauti katika Kwaya

Katika makanisa ya Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, mwanakwaya hujulishwa mapema nafasi yake kwa namba: sauti ya kwanza ni soprano, yaani sauti nyembamba ya wanawake ambayo mara nyingi hubeba tuni, ya pili ni alto, ya tatu ni tenori, ya wanaume wenye sauti ya juu, na ya nne ni besi, iliyo nene kuliko zote. Tofauti hiyo hutokana na nyuzi za sauti zilizomo kooni, ambazo kwa mwanamume anayezungumza hutetema takriban mara 100 hadi 150 kwa sekunde, na kwa mwanamke karibu mara 200, kwa kuwa zake ni fupi na nyembamba zaidi.

Kwaya nyingi husoma nota kwa herufi za d, r, m, mfumo ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ambamo nukta mbili hutenganisha mapigo na kistari huendeleza sauti. Ni mfumo wa thamani kubwa, maana nota zake huandikika kwa chaki ubaoni bila mistari mitano. Hata hivyo haukidhi kila sauti: king'ong'o, yaani sauti ipitayo puani, mkwaruzo wa koo, na vigelegele vinavyopigwa kwa ulimi havina herufi, na mwimbaji hujifunza kwa kumsikiliza aliyemtangulia.