Chora Kwanza, Kisha Ufungue Kitabu

Mwanafunzi wa sekondari pale Lunga Lunga akichora moyo wa mamalia hukutana na fumbo: mbona upande wa kushoto wa moyo uko kulia kwa karatasi? Ni kwa sababu mchoro umemkabili mtu uso kwa uso, na kushoto kwake ni kulia kwako. Wengi hulikariri jibu hilo bila kulielewa, kwani mchoro wenyewe wameunakili kitabuni, mkono ukifanya kazi na akili imelala.

Njia ninayoitetea ni hii: soma, funga kitabu, chora unachokumbuka kwa penseli, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Mchoro utakuwa mbaya. Si neno. Wekundu ndio unaokuambia urudie wapi kesho.

Uchoreni moyo kwa kufuata safari ya damu: vena kava, atiria ya kulia, ventrikali ya kulia, mapafu, atiria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota. Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene takriban mara tatu kuliko wa kulia, maana husukuma damu mwili mzima. Wa kulia hufikisha damu mapafuni tu, hapo jirani. Ukipata moyo wa mbuzi buchani, upasue, uminye kuta hizo kwa vidole kabla ya kushika penseli.

Mtihani wa KCSE unataka mistari safi, bila kivuli, na mistari ya majina isiyokatana. Zingatieni. Lakini mnapojisomea, andikeni jina juu ya kiungo chenyewe, kama alivyofanya Henry Vandyke Carter katika michoro ya kitabu cha anatomia cha Henry Gray cha mwaka 1858. Jicho halihangaiki kutafuta.

Kwa wanaosomea uuguzi katika chuo cha KMTC Msambweni, ngozi nayo ni karatasi. Gawanya tako kwa msalaba: sindano huingia robo ya juu ya nje, kwa kuwa neva kubwa ya mguu hupita chini, upande wa ndani, nayo ikidungwa mguu huweza kupooza. Jizoezeni kuichora njia yake hadi nyuma ya goti. Mtoto mchanga yeye hudungwa pajani, upande wa nje: ligawe paja sehemu tatu kwa urefu, uchague ya kati.