Mgeni wa FPL, ushabiki uache mlangoni

ACHANA na matokeo ya mwisho kwanza. Jumapili ya Septemba 1, 2024, saa 12 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Manchester United iliikaribisha Liverpool pale Old Trafford na kuchezea kichapo cha 3-0. Luis Diaz alitupia mawili kabla ya mapumziko, yote kwa pasi za Mohamed Salah. Kipindi cha pili Salah mwenyewe akafunga la tatu. Ukiwa shabiki wa United, jioni imeharibika, chai hainyweki.

Isipokuwa kwa shabiki mmoja wa aina yake. Yule ambaye, kabla dirisha la raundi halijafungwa, alimeza mate, akamweka Salah kwenye kikosi chake cha Fantasy Premier League na kumvisha kitambaa cha unahodha. Hesabu yake ilikuwa hivi: dakika 60 na zaidi, pointi 2. Bao moja la kiungo, pointi 5. Asisti mbili, pointi 6. Liverpool kutoka bila kuruhusu bao, kiungo anapata 1. Jumla 14, na kwa kuwa nahodha huhesabiwa mara mbili, 28. Hapo bonasi hazijaguswa.

Mtu huyo alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Na kabla msimu haujaanza, mgeni yeyote wa mchezo huu anapaswa kujiuliza swali moja: angeweza kumpa Salah kile kitambaa?

Wengi hawawezi. Ndiyo maana kila mwaka, kwenye magrupu ya WhatsApp ya ofisini na mitaani, utamkuta mtu anayejua soka kweli kweli, anayeweza kukutajia kikosi cha Arsenal cha 2004 bila kupumua, akiburuza mkia nyuma ya shemeji yake ambaye mechi zenyewe haangalii.

SI MKEKA

Kwanza liwekwe sawa jambo moja, kwa sababu linachanganywa sana vijiweni. FPL si kubeti. Kujiunga ni bure, ni mchezo rasmi wa Ligi Kuu England wenyewe, na ulianza msimu wa 2002/03. Mkeka unachanika ndani ya dakika 90. FPL inakwenda raundi 38, Agosti mpaka Mei, na anayeshinda ni mwenye pumzi.

Mgeni anapewa pauni milioni 100 za kufikirika, anunue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mastraika 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kila raundi anapanga 11, wanne wanabaki benchi, na pointi zinatokana na kile wachezaji hao wanachofanya uwanjani kweli. Straika akifunga anapata 4, kiungo 5, beki 6. Asisti ni 3. Kipa au beki asiporuhusu bao ni 4. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu inakata 3, kukosa penalti kunakata 2.

Tangu msimu wa 2025/26 mabeki wamepata chakula kipya. Beki akifikisha matukio 10 ya ulinzi katika mechi moja, yaani kuokoa, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mipira, anapewa pointi 2 za ziada. Kiungo na straika wanatakiwa kufikisha 12, ila wao huhesabiwa na mipira wanayoiokota. Maana yake yule beki wa kati wa timu ndogo anayeshambuliwa dakika zote, ambaye zamani hakuna aliyemtazama, sasa anaweza kukulisha kimya kimya hata timu yake ikifungwa.

PESA ZINAISHIA WAPI

Kosa la kwanza la mgeni ni kununua majina. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, Salah aliuzwa milioni 14.5 na Erling Haaland 14. Ukiwachukua wote wawili umetoa 28.5, umebakiwa na 71.5 za kununulia watu 13. Gawanya mwenyewe: ni milioni 5.5 kwa kila kichwa. Inawezekana, lakini lazima ujue wapi pa kubana.

Pa kubana ni benchi. Kipa wa pili awe wa bei ya chini kabisa, maana kazi yake ni kukaa. Beki wa tano vivyo hivyo. Hata hivyo, angalau mmoja au wawili wa benchi wawe wanacheza kwenye klabu zao, kwa sababu mchezaji wako wa kikosi cha kwanza asipogusa nyasi kabisa, wa benchi huingizwa moja kwa moja badala yake. Wanne wote wakiwa watu wa kusugua benchi, siku nyota wako anapopata mafua unacheza pungufu.

Na dhahabu huwa haipo kwenye bei kubwa. Cole Palmer alianza msimu wa 2023/24 akiuzwa milioni 5 tu, akiwa bado Manchester City. Akahamia Chelsea siku ya mwisho ya usajili, akapewa penalti, akamaliza na mabao 22 ya ligi na pointi 244. Msimu uliofuata ikawa zamu ya Chris Wood wa Nottingham Forest. Alianza akiwa milioni 6, akatupia 20. Hakuna aliyekuwa na bango la Wood ukutani.

Wawili hao wana kitu kimoja kinachofanana, nacho ndicho cha kutafuta: walikuwa wanaanza kila wiki. Mgeni aangalie dakika kabla ya kuangalia chenga. Winga wa pauni milioni 8 anayeingia dakika ya 75 anakupa pointi 1 na presha. Ndiyo maana wakongwe walikuwa waangalifu na watu wa Manchester City chini ya Pep Guardiola, maana kupangua kikosi kwake ni jadi. Baada ya dakika, tazama nani anapiga penalti, halafu ratiba ya mechi tano zijazo, si ya Jumamosi hii pekee.

BAO LA SAMATTA

Watanzania wana somo lao kwenye mchezo huu, na linauma kidogo.

Januari 2020 Mbwana Samatta alitua Aston Villa akitokea Genk. Februari 1 akafunga dhidi ya Bournemouth na kuwa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu England. Ungekuwa na roho ya chuma kutomweka kwenye kikosi wiki ile. Mwezi mmoja baadaye, Machi 1, akaruka kichwa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa ilipoteza 2-1, lakini bao lile nchi nzima ililishangilia.

Kwenye FPL lilikuwa na thamani ya sifuri. Mchezo huu unahesabu mechi za Ligi Kuu tu. Kombe la FA, Kombe la Ligi, Ligi ya Mabingwa, timu ya taifa, vyote havimo. Mchezaji anaweza kupiga hat-trick Jumatano huko Ulaya na ukaambulia kitu kimoja tu: kocha wake kumpumzisha Jumamosi. Samatta alimaliza maisha yake ya Villa na bao lile moja la ligi.

Je, alikosea aliyemweka? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini wapo wachezaji wazoefu wanaotenga nafasi moja kati ya 15 kwa ajili ya moyo, na hakuna ubaya, mradi iwe moja na asiwe nahodha. Tatizo ni yule wa nafasi tatu. Msimu wa 2024/25 United ilimaliza nafasi ya 15. Shabiki aliyejaza watu watatu wa United na kumkataa Salah kwa sababu ya jezi alijinyima mchezaji aliyemaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo huo. Hapo ushabiki umegeuka adhabu, na hakuna wa United aliyekuja kumshukuru.

HASIRA ZINAKATWA POINTI 4

Sasa twende kwenye ugonjwa wenyewe, unaowamaliza wageni wengi kabla ya Oktoba.

Kila raundi unaruhusiwa kubadili mchezaji mmoja bure. Usipotumia, nafasi inahifadhiwa, na unaweza kulimbikiza mpaka tano. Ukitaka kubadili zaidi ya ulizonazo, kila mmoja wa ziada anakukata pointi 4.

Mgeni anafanyaje? Straika wake hajafunga mechi mbili. Jumapili usiku simu inamwonyesha mshale mwekundu, ameporomoka kwenye ligi ya kazini, na kuna mtu kamtumia katuni ya kumcheka. Palepale anamuuza straika, anamuuza na winga, anamtupa na kipa. Wa kwanza bure, wawili wamemgharimu pointi 8. Wiki inayofuata hao wapya lazima wavune 8 zaidi ya wale wa zamani ndipo awe sawa na mtu aliyelala. Mara nyingi, kwa bahati ile ya shetani, straika aliyeuzwa ndiye anayecheka na nyavu mara mbili.

Dawa yake ni ya kizee: kubadilisha kusubiri mpaka siku ya mwisho. Kati ya Jumapili na Ijumaa mtu anaumia mazoezini, kocha anazungumza na waandishi wa habari, mwingine anafungiwa kwa kadi. Kweli, bei za wachezaji hupanda na kushuka kwa laki moja moja kutegemea wangapi wanawanunua, na wapo wanaokimbilia kununua mapema kwa hofu ya bei. Lakini ukija kumuuza mchezaji aliyepanda unapewa nusu tu ya faida. Laki moja haifanani na kumnunua mtu Jumatatu akavunjika Alhamisi.

Mwaka 2019 mwezi Desemba, aliyekuwa anaongoza FPL dunia nzima, juu ya mamilioni ya wachezaji, alikuwa Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa mchezo wa chesi wakati huo. Si kocha, si mchambuzi wa televisheni. Ni mtu aliyezoea kukaa mbele ya ubao saa nyingi bila kugusa kitu.

CHIPSI NA SAA

Kuna silaha maalumu ambazo wachezaji wanaziita chipsi, na hazina uhusiano na mayai. Wildcard inakuruhusu kubomoa kikosi kizima bila kukatwa. Free Hit inafanya hivyohivyo kwa raundi moja, kisha kikosi cha zamani kinarudi. Bench Boost inahesabu pointi za benchi pia. Triple Captain inamfanya nahodha ahesabiwe mara tatu. Kwa kanuni za 2025/26 kila moja ilitolewa mara mbili, moja kwa kila nusu ya msimu, na ya nusu ya kwanza usipoitumia inaoza. Mgeni asiziguse Agosti. Zisubiri raundi ambazo baadhi ya timu zinacheza mara mbili kutokana na viporo.

Nahodha msaidizi naye si pambo. Novemba 30, 2025, Arne Slot alimwacha Salah benchi mwanzo mwisho dhidi ya West Ham. Aliyempa Salah kitambaa siku ile aliokolewa na msaidizi wake, maana nahodha asipoingia kabisa, kitambaa kinahamia kwa huyo. Pia lilikuwa onyo kwamba pointi 344 za mwaka jana hazilipi kodi ya mwaka huu.

Lakini linalowaua Watanzania kuliko yote ni saa. Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikianza saa 8:30 mchana kwetu, mwisho ni saa 7. Mwishoni mwa Oktoba Uingereza hurudisha saa zao nyuma, mechi ileile inakuwa saa 9:30 na mwisho unakuwa saa 8. Ikiwepo mechi ya Ijumaa saa 4 usiku, umefungiwa tangu saa 2:30, wakati wengine bado wako kwenye foleni ya daladala. Kengele ya simu iwekwe, na kikosi cha akiba kipangwe mapema hata kama kitabadilishwa baadaye.

Kuhusu zile ligi za kuchangishana pesa, ambazo FPL yenyewe haihusiki nazo: kama kundi limeamua kuchanga, mshika pesa na mgawanyo wa zawadi vijulikane kabla ya raundi ya kwanza, vikiwa vimeandikwa kwenye grupu. Mei kila mtu huwa na kumbukumbu yake.

Na aliyechelewa hana haja ya kungoja Agosti. Unaweza kujiunga raundi yoyote, unapewa milioni zako 100 kwa bei za siku hiyo, na unabadili utakavyo mpaka dirisha lako la kwanza lifungwe. Anayeunda ligi ya marafiki anachagua pointi zianze kuhesabiwa raundi ipi, hivyo hata Januari watu kumi wanaweza kuanzia wote sifuri.