Beni: Chini ya utawala wa kijeshi, barua ya kutaarifu maandamano yageuka ombi la ruhusa

Mavivi iko kilomita chache tu kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayoelekea Mbau, Oicha na Eringeti. Uwanja wa ndege wa Beni uko hapo, na MONUSCO imekuwa na kambi hapo. Mgeni anayepita anaweza kufikiri ni mahali penye ulinzi wa kutosha. Lakini tangu Oktoba 2014 wakaaji wa barabara hiyo wamezika watu wengi waliouawa na waasi wa ADF, na mara nyingi wamejibu kwa njia moja: kufunga maduka, kutoka barabarani, kwenda kukaa mbele ya ofisi ya kiongozi na kuuliza wanajeshi walikuwa wapi.

Kuuliza hivyo kumekuwa na bei kubwa zaidi tangu 6 Mei 2021. Siku hiyo hali ya dharura ya kijeshi, ambayo wengi huku wanaiita kwa Kifaransa « état de siège », ilianza katika majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Rais Félix Tshisekedi aliitangaza kwa agizo namba 21/015 la 3 Mei, na agizo lingine la siku hiyo hiyo, namba 21/016, likaeleza nani atakuwa na nguvu gani. Wakuu wa kijeshi walipewa uwezo wa kusaka nyumba za watu mchana na usiku, kukataza mikutano na machapisho wanayoona yanaweza kuleta fujo, kuzuia mwendo wa watu, na kukamata mtu yeyote kwa sababu ya kuvuruga utulivu. Maneno « wanayoona » ndiyo mazito. Anayepima kama mkutano ni hatari ni yule yule ambaye huenda mkutano umeitishwa kumlalamikia.

Viongozi wa kiraia waliondolewa. Jimbo lilipewa Jenerali Constant Ndima, na afisa wa polisi kuwa naibu wake. Ofisi za meya wa Beni na meya wa Butembo zilichukuliwa na maafisa wa polisi, Narcisse Muteba na Mowa Baeki Telly, na wilaya ya Beni ikapewa kanali wa jeshi, Charles Ehuta Omeonga. Kwa mkaaji wa Mavivi, ambayo iko wilayani wala si mjini, maana yake ni kwamba barua ya kutaarifu maandamano inakwenda Oicha, kwenye meza ya mwanajeshi.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 26, haisemi kuomba ruhusa. Inasema waandaaji wa maandamano ya barabarani wataarifu kiongozi husika kwa maandishi. Basi. Lakini hata kabla ya 2021 mameya wengi walizoea kujibu barua hizo kwa neno « imekataliwa », wakishika sheria ya Januari 1999 iliyoandikwa wakati wa vita. Utawala wa kijeshi uliikuta desturi hiyo ikiwa tayari, ukaipa nguvu.

Nguvu hiyo ilionekana 11 Novemba 2021. Vijana 13 wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa mjini Beni walipokuwa wakipinga kwa amani kuongezwa kwa muda wa hali hiyo. Walikaa gerezani karibu miezi mitano bila hukumu. Tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ya Beni ikawahukumu kifungo cha miezi 12. Kati ya tarehe hizo mbili, 24 Januari 2022, kijana mwingine wa LUCHA alipigwa risasi akafariki mjini humo humo wakati polisi wakitawanya maandamano.

Kwa nini mahakama ya kijeshi, wakati hakuna hata mmoja kati yao aliyevaa sare? Kifungu cha 156 cha Katiba kinamruhusu Rais kusimamisha mahakama za kawaida na kuzipa zile za kijeshi kazi yao hali kama hii inapotangazwa. Hata hivyo kifungu hicho hakigusi haki ya kukata rufaa, na kifungu cha 61 kinalinda haki ya kujitetea katika hali yoyote. Kusema kweli, haki ya kuandamana haimo katika orodha ya kifungu cha 61. Hapo ndipo mlango ulipobaki wazi.

Serikali nayo ina hoja yake, na haifai kuificha. Novemba 2019 ofisi ya meya wa Beni ilichomwa moto. Tarehe 26 Julai 2022, katika maandamano ya kupinga MONUSCO mjini Butembo, mlinda amani mmoja na polisi wawili wa Umoja wa Mataifa waliuawa. Kiongozi anayeogopa damu ana sababu ya kuogopa. Ila aliyechoma ofisi anaweza kutafutwa na kushtakiwa kwa kosa lake. Waliokaa chini na mabango mbele ya meya hawakuchoma kitu.

Tena damu nyingi kuliko zote ilimwagwa na waliotumwa kuzuia. Tarehe 30 Agosti 2023, mjini Goma, wanajeshi walifyatulia risasi wafuasi wa kundi la kidini waliotaka kuandamana dhidi ya MONUSCO. Zaidi ya watu 40 walikufa. Jenerali Ndima aliondolewa, na kanali Mike Mikombe akahukumiwa kifo mwezi Oktoba. Siku chache baadaye, 12 Oktoba, Rais alitangaza kwamba hali hiyo italegezwa hatua kwa hatua.

Lakini haikuondolewa. Kifungu cha 144 kinaipa siku 30, kisha Bunge linaweza kuongeza siku 15, na tena 15. Mwaka mmoja una vipindi 24 vya namna hiyo, na hesabu inaendelea tangu Juni 2021. Baada ya M23 kuteka Goma Januari 2025, makao ya jimbo yalihamishiwa Beni, chini ya gavana mwingine wa kijeshi, Jenerali Evariste Somo Kakule. Sasa ofisi kuu ya jimbo iko karibu na Mavivi kuliko wakati wowote.

Anayetaka kuandika barua leo bado ana kifungu cha 26 mkononi. Aandike « tunataarifu », si « tunaomba », ataje siku, saa na njia watakayopita, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kesi ikifika mbele ya hakimu wa kijeshi, karatasi hiyo ndiyo wakili ataiomba kwanza.