Alama C+ na Karo ya Chuo: Mzazi wa Rusinga Ajue Nini

Mnamo Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, katika safari iliyoandaliwa na Tom Mboya, mwana wa Rusinga aliyezikwa Kasawanga. Ndege hiyo inakumbukwa na wengi. Masharti ya kuipanda hayazungumzwi sana, nayo ndiyo yanayotufaa leo. Kwanza mwombaji alihitaji barua ya kukubaliwa na chuo, na kwa kawaida chuo hicho kiwe kimeahidi kumsaidia karo. Mfuko wa Mboya na rafiki zake wa Marekani, wakiwemo Harry Belafonte na Jackie Robinson, ulishughulikia nauli. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy uliongeza dola 100,000 ili wengine waende. Chuo kilipima uwezo wa kusoma; mfuko uliangalia pengo la pesa.

Mpango wa kugharamia vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, uliotangazwa Mei 2023, nao una vipimo viwili vya namna hiyo. Mzazi anayevichanganya hushtuka barua ya karo inapofika.

Kipimo cha kwanza ni matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Anayetaka shahada sharti apate wastani wa C+ au zaidi, kisha apewe nafasi na KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, katika chuo kikuu cha umma. Akienda chuo kikuu cha kibinafsi, anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ufadhili wa serikali usiorudishwa hautamfuata huko. Mwenye C- anaweza kusomea stashahada katika taasisi ya kiufundi, na huko pia kuna ufadhili na mikopo, kwa hiyo asikae nyumbani akidhani mlango umefungwa.

Lango hili la alama ni pana. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walifikia C+ kati ya takriban 962,500. Tena, ukishalipita, alama haikuongezei shilingi. Mwenye A na mwenye C+ wakiwa katika kozi moja na hali moja ya nyumbani, wanastahili kiasi kile kile. Uganda imechagua njia nyingine: serikali huwalipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka, 3,000 wakichaguliwa kwa alama kitaifa na wengi wa waliosalia kwa mgawo wa wilaya. Huko ushindani wa alama ndio unaoamua nani alipiwe. Hapa kwetu, alama inaamua nani aruhusiwe kuomba.

Kipimo cha pili ni hali ya familia. Mwanafunzi hujaza fomu kwenye tovuti ya serikali, naye huwekwa katika mojawapo ya bendi tano. Wa bendi ya kwanza, walio wahitaji zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Wa bendi ya tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia hubaki na asilimia 40. Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mzazi wa bendi ya kwanza atatafuta 10,000, na wa bendi ya tano atatafuta 80,000. Kwa mama anayeanika omena Mbita, hiyo ndiyo tofauti kati ya mtoto kuripoti chuoni na kutoripoti.

Bendi hupatikanaje? Mfumo huuliza kama wazazi wako hai, wana kazi gani, familia ina watu wangapi, kama kuna ulemavu, mwanafunzi anatoka eneo gani, anasomea nini, na alisoma shule gani ya upili. Katika swali hilo la mwisho kuna hatari ambayo wazazi wa visiwani hawaelezwi vya kutosha. Mtoto hodari wa Rusinga aliyepata alama za juu katika mtihani wa darasa la nane huenda alichukuliwa na mfadhili, akapelekwa shule kubwa ya kitaifa yenye karo ya juu. Miaka minne baadaye fomu inaiona shule ile ya gharama, na asipoonyesha nani alikuwa akilipa, anahesabiwa kama mtoto wa mwenye uwezo. Bidii iliyompeleka shule nzuri inageuka ushahidi dhidi yake. Hilo ni kosa la mfumo, na naona serikali inapaswa kulipunguzia uzito swali la shule. Lakini hadi hapo, dawa ni barua: barua ya mfadhili au ya mwalimu mkuu inayosema wazi kwamba karo haikutoka nyumbani.

Ugumu wa pili ni kipato cha ziwani. Anayevua omena hufanya kazi kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa. Hana hati ya mshahara. Hapo ndipo vijana wengi hujaza tarakimu ya kubahatisha pale saiba, au humwachia mwenye saiba ajaze. Usifanye hivyo. Kaeni na mzazi, mjumlishe miezi ya samaki na miezi mikavu, mgawanye kwa kumi na mbili, ndipo muandike. Mzazi aliyefariki aambatanishiwe cheti cha kifo, kwa maana yatima asiye na cheti huonekana ana wazazi wote wawili. Ndugu walio shuleni waandikwe wote.

Kumbukeni pia kwamba ufadhili na mkopo ni vitu viwili. Ufadhili haurudishwi, mkopo utadaiwa na HELB baada ya masomo, na mwanafunzi huuomba upya kila mwaka. Wapo wanaopata mwaka wa kwanza, wakasahau kuomba mwaka wa pili, kisha wakazuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio.

Mpango wenyewe bado unabishaniwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo kwa muda. Kwa hiyo someni barua ya mwaka wenu, msitegemee tarakimu za kaka aliyetangulia.

Ukipewa bendi isiyolingana na hali yenu, usiache nafasi ya chuo. Kata rufaa kwenye tovuti ile ile, ukiambatanisha ushahidi ambao haukuwapo mara ya kwanza. Malalamiko bila karatasi mpya hayabadilishi hesabu. Na kwenu walimu wakuu wa Rusinga na Mbita, ombi langu ni moja: kabla watahiniwa wa kidato cha nne hawajaondoka Novemba, mpeni kila aliyelipiwa karo na mfadhili barua yenye muhuri wa shule inayosema hivyo.