Kioo cha kuzuia kelele: usilipie jina, kagua dirisha zima

MALABA hailali. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba husubiri zamu usiku kucha, injini zikiunguruma, na gesti nyingi zinazopokea wafanyabiashara ziko hatua chache tu kutoka kwenye foleni hiyo. Busia na Namanga nako kuna usiku wa namna hiyo. Anayegeukageuka kitandani hadi alfajiri ndiye anayetakiwa asubuhi kuhesabu fedha za nchi mbili bila kukosea, kisha ashike usukani.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 usiku. Lori zito likipita karibu hufikisha 80 bila taabu. Hapo ndipo muuzaji wa vioo anapomfuata mwenye gesti na maneno matamu: weka kioo cha kuzuia sauti, wageni watalala kama watoto.

Kioo hicho kipo kweli, na kinafanya kazi. Shida ni kwamba wengi hulipia kioo na kuacha dirisha.

Sauti hupita popote hewa inapopita. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa mita 1.2. Mzunguko wake ni mita 4.8. Fundi akiacha upenyo wa milimita 3 tu kuzunguka fremu, ameacha tundu la sentimita 144 za mraba, yaani asilimia 1 ya dirisha lote. Kwa tundu hilo, hata ungeweka kioo kinene kuliko cha benki, dirisha halitapunguza zaidi ya desibeli 20. Kioo cha kawaida cha milimita 4, kikizibwa vizuri pande zote, hupunguza takriban 30. Desibeli 10 si ndogo: sikio husikia kelele zimepungua kama nusu.

Kwa hiyo raba na silikoni, vitu vya bei ya chini kabisa dukani, ndivyo vya kununua kwanza. Madirisha ya luva yasahau, hayafungi kabisa. Ya kuteleza nayo huvujisha sauti kwenye reli zake. Linalofaa ni dirisha la bawaba linalojifunga kwa kubana raba pande zote.

Baada ya hapo ndipo kioo kinaanza kuleta tofauti. Kinachofaa ni vioo viwili vilivyobandikwa kwa utando wa plastiki kati yake, kama kioo cha mbele cha gari. Utando huo humeza mtetemo. Kikitengenezwa kwa utando maalumu wa sauti hufikia takriban desibeli 35 hadi 40, kutegemea unene. Tatizo ni kwamba utando wa kawaida na wa sauti hufanana kwa macho. Ukitazama ukingo utaona mstari wa utando, lakini mstari hauwezi kukuambia ni utando gani. Dai karatasi ya kiwanda yenye kipimo kinachoandikwa Rw. Muuzaji asiye nayo mlipe bei ya kioo cha kawaida.

Vioo viwili vyenye nafasi ya milimita 12 kati yake navyo huuzwa kwa jina hilohilo. Hivyo viliundwa zaidi kwa ajili ya joto na baridi. Vikiwa na unene sawa, vyote viwili hutetemeka pamoja, na muungurumo wa injini, ambao ndio mgumu kuliko kelele zote, hupenya. Bora unene utofautiane. Bora zaidi, kwa mwenye mfuko mdogo, ni kuacha dirisha la zamani mahali pake na kujenga la pili kwa ndani, sentimita 10 au zaidi kutoka la kwanza.

Halafu kuna hewa. Dirisha lililofungwa kabisa katika joto la Busia ni adhabu nyingine. Asiyepanga bajeti ya kiyoyozi, au njia ya hewa yenye kona upande usio na barabara, atakuta wageni wamelifungua saa tano usiku, na fedha yote imetoka nje pamoja na joto.

Kwa anayetaka kuuza vioo hivi, forodha huvitenganisha: kioo bapa cha kawaida ni fungu 7005, kilichobandikwa cha usalama ni 7007, na vioo pacha vyenye nafasi kati ni 7008. Ukiandika fungu lisilo lake, mzigo utakaa. Tangu 2023 kuna kiwanda kikubwa cha kioo bapa Mkuranga, mkoani Pwani, Tanzania. Kioo kinachotimiza masharti ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakilipiwi ushuru wa forodha kikiwa na cheti, na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hutumia cheti kilichorahisishwa. Kodi ya ongezeko la thamani iko palepale. Kioo kilichotoka nje ya Jumuiya na kukatwa tu vipande huku kwetu hakipati nafuu hiyo.

Usafiri nao una hesabu yake. Kila milimita ya unene ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba, hivyo dirisha lile la mita 1.2 likiwekwa vioo viwili vya milimita 6 lina kioo cha kilo 43 hivi, na fremu nyepesi ya alumini italegea. Pakia vioo vikiwa vimesimama, vimeegeshwa na kufungwa, kamwe visilazwe. Weka karatasi kati ya kimoja na kingine na funika turubai: maji yakiingia katikati ya vioo vilivyobanana huacha ukungu mweupe ambao hautoki kwa sabuni, na mteja wa Kampala hataupokea.