Umeinua gari libebe mzigo? Alaimenti iwe kazi ya mwisho

MSIMU wa nyanya unapochanganya Ilula, mkoani Iringa, pikapu na magari madogo hujazwa matenga na kushika barabara kuu kuelekea Dar es Salaam. Mengi hayako tena kama yalivyotoka kiwandani. Nyuma yameongezwa vipande vya springi, mbele yamewekewa spesa juu ya shokapu, na mengine yamebadilishiwa breki.

Marekebisho hayo yana sababu zake, kwani njia za shambani ni mbovu na mzigo ni mzito. Tatizo huanza baadaye. Gari linavuta upande mmoja, usukani unakaa mshazari barabara ikiwa imenyooka, na matairi mapya yanalika haraka. Mwenye gari anakwenda kupiga alaimenti, analipa, na baada ya wiki mbili hali inarudi palepale. Mara nyingi mashine haina kosa. Kosa ni kupima kabla ya kurekebisha kinachoharibu vipimo.

Hasara yake si ndogo. Gurudumu lililopinda kwa robo tu ya digrii kutoka uelekeo wa safari huburuzwa pembeni zaidi ya mita 4 katika kila kilomita 1. Kutoka Ilula hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400, tairi hilo linakuwa limesuguliwa pembeni zaidi ya kilomita moja na nusu. Mpira unaobaki barabarani ni fedha ya mkulima.

Vipimo vitatu

Alaimenti ina vipimo vikuu vitatu. Cha kwanza ni tou, yaani kama magurudumu yanatazama mbele sawasawa au yameelekeana au kuachana. Cha pili ni kemba, yaani kulala kwa gurudumu kwa ndani au kwa nje. Cha tatu ni kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu huzunguka juu yake linapokata kona. Kasta ndiyo inayolifanya gari lishike njia na usukani urudi katikati.

Ukiinua mbele, mikono ya usukani hubadili pembe na kuyavuta magurudumu, hivyo tou huharibika mara moja. Kemba nayo husogea. Ukiinua nyuma peke yake, pua ya gari huinama na kasta hupungua. Usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye mwendo wa kasi.

Tairi lenyewe hueleza ugonjwa. Pitisha kiganja juu ya kashata zake kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Likiwa laini upande mmoja na likikwaruza kama msumeno upande wa pili, shaka kwanza tou. Likilika ukingo mmoja tu bila kukwaruza, shaka kemba. Likilika kingo zote mbili kwa pamoja, huenda upepo ni mdogo.

Breki nazo

Kubadilisha pedi pekee hakuharibu alaimenti. Lakini fundi akifungua bolijointi, shokapu au tairodi ili kufunga breki kubwa zaidi, vipimo havina budi kuangaliwa upya.

Ni vizuri pia kutofautisha dalili. Gari linalovuta upande wakati wote lina tatizo la alaimenti, matairi au upepo usiolingana. Gari linalovuta pale tu unapokanyaga breki, anza na breki zenyewe. Kaliperi iliyokwama hujulikana baada ya mwendo, kwani rimu ya upande huo huwa ya moto kuliko nyingine. Sogeza mkono karibu bila kuigusa.

Hatari inayosahaulika iko nyuma. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux kadhaa, zina vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Vali hiyo imeunganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Nyuma ikiinuliwa bila fimbo kurekebishwa, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, hata kama matenga yamefika juu. Kwenye mteremko kama Kitonga, kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Fuata mpangilio huu

Kwanza, gari liinuliwe na kukaguliwa bushi, bolijointi, tairodi na beringi za magurudumu. Chochote kinachocheza kibadilishwe, maana hakuna kipimo kitakachokaa juu ya bushi iliyokufa.

Pili, breki zimalizwe kabisa, pamoja na vali ya mzigo pale ilipo.

Tatu, endesha gari kidogo ili springi mpya zitulie, kisha sawazisha upepo na shusha mzigo. Vipimo vya kiwandani kwa kawaida ni vya gari tupu.

Nne, ndipo upige alaimenti. Kemba na kasta zitangulie, tou imalizie, usukani ukiwa umefungwa katikati. Hilux Vigo ina bolti za kurekebishia kemba na kasta kwenye mkono wa chini. Magari madogo mengi yenye springi na shokapu za pamoja mbele hayana nafasi hiyo, hivyo huhitaji bolti maalumu. Zisipotosha, gari limeinuliwa kupita kiasi na dawa ni kulishusha.

Magari mapya yenye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza huhitaji pia sensa ya usukani iwekwe upya kwa kompyuta.

Kabla ya kulipa, omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, kisha endesha gari pamoja na fundi kwenye barabara iliyonyooka. Karatasi hiyo itunze. Baada ya mavuno, tairi likianza kulika tena, ndiyo itakayoonyesha kipimo gani kimehama na pa kuanzia kutafuta.