Ngara na Biharamulo: Anayekunja mabomba ya magari apime kwanza

BARABARA kuu ya Lusahunga hadi Rusumo ina lami, lakini gari likiiacha na kuingia vijijini, iwe Ngara au Biharamulo, ni mawe, tope na makorongo. Ndiyo maana mwenye pikapu au Land Cruiser hutafuta ngao ya mbele, keria ya juu na tao la bomba nyuma ya kabini la kufungia mzigo.

Magari ya namna hiyo si mageni huko. Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, misafara ya mashirika ya misaada iliwafuata hadi Benaco. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa 1996. Siku hizi wafanyabiashara wanatazama Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019, na mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao serikali ilitia saini mkataba wake Januari 2021. Hata hivyo, wakubwa wana wagavi wao. Mteja wa kutegemewa wa fundi wa nyumbani ni mwenye pikapu ya mizigo.

Katika biashara hii faida hupatikana au hupotea siku ya kununua bomba. Bomba la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Likiwa na unene wa milimita 3.2, urefu wa meta 6 una uzito wa kilo 21 hivi. Likiwa la milimita 2, halifiki kilo 14. Kwa macho yote mawili ni sawa, hasa ncha zikiwa zimepondwa. Anayeagiza Mwanza au Kahama amwambie mtu wake aende na mizani. Bomba jembamba likikunjwa hubonyea, na bomba lililobonyea hakuna anayelinunua ila wa chuma chakavu.

Jambo la pili ni kipimo cha kona. Chukua tao lenye upana wa sentimeta 135 na miguu miwili ya sentimeta 85. Wengi hujumlisha na kupata 305, kisha huona kwamba bomba la meta 6 halitoshi matao mawili. Lakini bomba halipigi kona kali, hupinda. Kwa mkunjo wa nusu kipenyo cha sentimeta 15, ambacho ni mara tatu ya unene wa bomba, kila kona hula sentimeta 23.5 badala ya 30. Tao zima linahitaji sentimeta 292 tu. Bomba moja linatoa matao mawili na kubakiza kipande cha sentimeta 15 hivi. Hiyo ndiyo faida ya fundi, na wapo wanaoitupa kila wiki.

Asiye na mashine hutumia mchanga na mkaa. Mchanga mkavu hujazwa, bomba likigongwagongwa mpaka ushindiliwe, na ncha huzibwa kwa vigingi. Mchanga lazima ukaushwe motoni kwanza. Ukiwa na unyevu, mvuke hufyatua kigingi kama risasi. Sehemu ya kona ikiiva nyekundu, bomba huzungushwa taratibu kwenye kalibu ya chuma kufuata mchoro wa chaki sakafuni. Mshono wa bomba uwekwe ubavuni, si nje ya kona ambako chuma hunyooka wala ndani ambako hujikunja.

Mabomba yaliyopakwa zinki yasiwekwe motoni. Moshi wake mweupe huleta homa usiku huohuo, na maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayaizuii.

Mwenye mtaji anaweza kununua mashine ya jeki ya haidroliki. Aidha, auliza kalibu zake ni za vipimo gani. Nyingi hutengenezwa kwa mabomba ya maji, ambayo "inchi moja na nusu" ni milimita 48. Tyubu ya samani ya jina hilohilo ina milimita 38. Ikiwekwa humo hulegea na kutoka imebapa. Wanaolalamika kwamba mashine ni mbovu huenda walikosea tyubu.

Upo mpaka ambao fundi hapaswi kuuvuka. Tao la bomba la maji ni la kufungia mizigo na maturubai. Halikutengenezwa kukinga watu gari linapopinduka, na kulichomelea kwenye bati la bodi badala ya chesisi kunalifanya liwe dhaifu zaidi. Mteja akitaka kinga ya abiria, aelezwe hivyo kabla hajatoa pesa, na maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Kwa badiliko lolote la bodi, mkaguzi wa magari wa polisi aulizwe mapema, kwa kuwa ngao iliyokataliwa njiani hurudi kwa fundi, na mwenye gari huja akidai fedha zake.

Malipo ya awali yasipungue gharama ya bomba na mkaa. Bomba likishakunjwa kwa vipimo vya gari moja, ni vigumu kumpata mnunuzi mwingine.